Sanduku langu lilipopotea Kazan

Neno la kwanza la Kirusi nililolitamka kwa kujiamini lilikuwa sunduk, na lilinifanya nichekwe na watu watatu wasionijua.

Ilikuwa Septemba 2012, saa tisa usiku, uwanja wa ndege wa Kazan. Mkanda wa mizigo ulizunguka mtupu mpaka mtu akauzima. Wenzangu wawili walikuwa wameshapata mizigo yao, wameikalia, wanasinzia. Nikalisogelea dirisha la malalamiko, nikasimama wima na kutoa sentensi niliyokuwa nimeipika kwa dakika kumi nzima: "Gde moy sunduk?" Sanduku langu liko wapi?

Mama aliyekuwa dirishani aliacha kuandika. Akaniangalia kwa juu ya miwani, akalirudia lile neno taratibu, kisha akamwita mwenzake, na mwenzake akaja na askari aliyekuwa anapita. Wakaongea, wakacheka, mmoja akaniuliza kitu. Nikajibu "da", kwa sababu ndilo jibu pekee nililokuwa nalo. Wakazidi kucheka. Mwanafunzi wa mwaka wa nne aliyekuja kutupokea ndiye aliyenifafanulia tukiwa garini: walikuwa wameniuliza kama hilo sanduku lina dhahabu.

Kosa halikuwa langu peke yangu. Mwalimu aliyetufundisha Kirusi kwa wiki sita kabla ya safari alitupa orodha ya maneno aliyoyaita "ya bure", yaani yale tuliyokuwa nayo tayari bila kujua. Chai ni chay. Sukari ni sakhar. Limau ni limon. Na sanduku, alisema huku akilipigia mstari mara mbili ubaoni, ni sunduk. Hakudanganya. Maneno hayo mawili ni ndugu wa damu. Alichosahau kutuambia ni kwamba ndugu hao walilelewa nyumba tofauti. Kwa Mrusi, sanduku la kusafiria ni chemodan. Sunduk ni lile kasha zito la mbao lenye mikanda ya bati na kufuli la kutisha, la bibi kizee kijijini au la maharamia walioficha hazina kisiwani. Siku hizi watoto wanalijua zaidi kutoka kwenye michezo ya kompyuta: ukimuua zimwi, unafungua sunduk. Kwa hiyo mimi nilikuwa kama mgeni anayeshuka kwenye ndege na kuuliza ngamia wake amefungwa wapi.

(Namshukuru Mungu sikujaribu kasha. Kasha kwa Kirusi ni uji mzito wa nafaka. Ningeambiwa mkahawa umefungwa.)

Sanduku lilifika siku ya nne likiwa na gurudumu moja pungufu. Lakini neno lile halikuniacha. Nilikwenda Urusi kusomea mambo ya mafuta, na nimehitimu, na cheti ninacho. Ila nikiulizwa nilichojifunza Kazan kwa moyo wangu wote, ni historia ya neno moja.

Kazan ni mahali pazuri kwa ugonjwa huo. Ni mji mkuu wa Tatarstan, jamhuri iliyo ndani ya Urusi, na vibao vya barabarani vimeandikwa Kirusi na Kitatari, yaani lugha ya Kislavi (jamii ya Kirusi na Kiserbia) na lugha ya Kiturki zimekaa kwenye bati moja. (Nasema Kiturki nikimaanisha jamii nzima ya lugha: Kitatari, Kikazaki, Kikirgizi, Kiuzbeki, Kiazeri na wengineo. Kituruki cha Uturuki ni mtoto mmojawapo.) Mwezi wa kwanza nilikuwa nasikiliza Kitatari ndani ya basi kama mtu anayesikia jirani akitajataja jina lake nyuma ya ukuta. Kitap. Wakıt. Dönya. Xäbär, ambayo x yake ni kh ya kooni. Mtu akitaka kujua unaendeleaje anakuuliza "xällär niçek?", na hiyo xäl ni hali yetu hii hii. Ukimpisha mzee kiti anakwambia "räxmät", nami kila mara nilihisi nimeombewa rehema, kumbe nimeshukuriwa tu. Wabulgari wa Volga, ambao Watatari wa Kazan wanawahesabu kuwa mababu zao, waliupokea Uislamu rasmi mwaka 922, ujumbe wa khalifa wa Baghdad ulipofika kwao. Maneno ya Kiarabu yalianza kuingia huko muda mrefu kabla Moscow haijatajwa kwenye maandishi.

Mwaka wa pili nilihama bweni nikapanga chumba kwa bibi mmoja wa Kitatari, nyumba ya mbao karibu na ziwa Kaban, kwenye mtaa wa zamani wa Watatari. Mji ulikuwa umetoka kwenye michezo ya dunia ya wanavyuo ya Julai 2013, kila kitu kimepakwa rangi isipokuwa nyumba ile. Sote tulimwita Äbi, maana yake bibi. Na mtu aliyekulia Kiswahili hapati taabu kumwita mwanamke wa miaka themanini neno linalofanana hivyo na bibi, ingawa kufanana huko ni kwa bahati tu, si udugu.

Äbi alikuwa na sanduku. Lilikaa miguuni pa kitanda chake, la kijani, limefungwa mikanda ya bati iliyopishana kama wavu, na kufuli lake lilikuwa la aina inayolia: ukizungusha ufunguo, kitu ndani kinagonga kama kikengele, mara moja, kisha tena. Makufuli hayo yalitengenezwa hivyo makusudi, ili mwenye mali akiwa jikoni asikie kama kuna mtu anachokonoa. Nami nilikuwa nalala upande wa pili wa ukuta wa mbao, kwa hiyo nilijua kila mara Äbi alipokwenda kwenye siri zake.

Siku moja alikuwa ananieleza kwa Kirusi niusogeze mzigo fulani uliokuwa juu ya sunduk. Simu ikalia, ni bintiye, akaanza kuongea Kitatari, na katikati ya maneno nikasikia: sandık. Nikaganda na mzigo mikononi. Kile kile kitu, mdomo ule ule, dakika ile ile, kwanza kwa u, kisha kwa a.

Kiarabu kinayakubali matamshi yote mawili, sunduq na sanduq, na dunia ikagawana. Sisi tumechukua a. Waturuki wamechukua a: sandık. Watatari, Wakazaki, Wakirgizi, Waazeri, wote a. Mrusi kabaki na u. Lakini sikiliza mkazo: Mrusi anasema sun-DUK, sisi tunasema san-DU-ku. Silabi inayobeba uzito ni ile ile. Na kila aliyelipokea neno hili alilivisha nguo za nyumbani kwake bila kumwuliza mtu ruhusa: kwetu likawa na masanduku, Urusi likawa na sunduki, Uturuki na Tatarstan sandıklar, Serbia sanduci, wakati Waarabu wenyewe wanasema sanadiq. Wakazaki wana kichekesho chao cha peke yake. San kwao ni namba, na ukibandika kiambishi cha dık unapata "-a kinamba". Kwa hiyo sandık ya Kikazaki inaweza kuwa kasha la mahari au runinga ya dijitali, kutegemea umeikuta wapi.

Nilikwenda maktaba kumtafuta Vasmer. Ukitaka kujua asili ya neno la Kirusi, huanzii kwingine. Max Vasmer alizaliwa St. Petersburg mwaka 1886 na akafanya kazi Berlin, na Januari 1944 mabomu yaliteketeza maktaba yake pamoja na makadi aliyokuwa amekusanya kwa miaka. Akaanza tena. Kamusi ikatoka kati ya 1950 na 1958, kisha Trubachev akaitafsiri kwa Kirusi. Kuhusu sunduk, maelezo ni mafupi kiasi cha kukatisha tamaa: limetoka lugha za Kiturki, nazo zimelitoa Kiarabu. Mistari michache ile niliinakili kwenye daftari la somo la uchimbaji visima, ambalo bado ninalo, na ndiyo kurasa pekee ndani yake ninazoweza kuzielewa leo.

Baada ya hapo nilifanya jambo ambalo mtu yeyote mwenye mtihani wiki ijayo angelifanya: nikachora ramani. Ukiweka alama kila mahali Waslavi wanapoliita kasha kwa neno hili, unapata mapwani mawili yasiyokutana. La kwanza ni Urusi, iliyolipata kwa majirani wa nyika na wa Volga. La pili ni Balkani, iliyolipata kwa Waothmani: sanduk ya Serbia na Bosnia, sandak ya Makedonia, na sandăk ya Wabulgaria, wenye irabu ile ya kooni iliyo jirani kabisa na ı ya Kituruki. Katikati, kimya. Mpolandi ana kufer na Mbelarusi ana kufar, wote kutoka kwa Mjerumani; Mukraine ana skrynya. Kwa maneno mengine, wanaolitumia neno hilo ni wale walioishi mlango kwa mlango na Waturki, au chini yao, kwa karne kadhaa. Sikuhitaji kitabu cha historia kuniambia mipaka ilipita wapi. Nilikuwa nayo kwenye karatasi ya miraba.

Hapo mtu huweza kudhani neno likishaingia limekaa. Hapana. Angalia saray, mwenzake wa safari, wa Kiajemi huyu. Kwa Mturuki ni ikulu. Topkapı Sarayı ya Istanbul ndiyo hiyo. Kundi la Dhahabu, dola ya Wamongolia iliyowatoza Warusi kodi, liliuita mji wake mkuu wa Volga ya chini Sarai, na wakuu wa Kirusi walikuwa wakisafiri hadi huko na zawadi wakiinamisha vichwa. Leo sarai kwa Kirusi ni banda: la kuni, la kuku, la mabehewa mabovu. Sina ushahidi kwamba Warusi walilishusha cheo kwa kisasi. Ningependa iwe hivyo. Bosnia, kwa upande wao, wamelipa neno hilo hilo mji mkuu mzima: Sarajevo.

Na chemodan, lile neno lililoniponza? Nalo ni mgeni aliyepitia mlango ule ule. Ni la Kiajemi: jama ni nguo, na dan ni cha kuwekea. Likapita kwa Waturki likaingia Urusi, na hadi leo Muuzbeki anasema chamadon. Basi usiku ule wa 2012 mimi na yule mama wa dirishani tulikuwa tunabishana kwa maneno mawili ya Mashariki, na yeye ndiye aliyenicheka kwa kutojua Kirusi.

Jambo lililonifurahisha kuliko yote katika mambo ya makasha ni biashara yenyewe. Neno lilikwenda Urusi kutoka upande wa Waislamu, lakini baadaye makasha yalianza kurudi. Mafundi wa Makaryev kwenye Volga, na wale wa Ural, Nevyansk na Nizhny Tagil, walitengeneza masanduku ya bati la mapambo na kuyauza kwenye maonyesho makubwa ya biashara: lile la Makaryev, ambalo lilihamia Nizhny Novgorod mwaka 1817 baada ya moto, na lile la Irbit. Waliyauza kwa seti, dogo ndani ya kubwa na kubwa ndani ya kubwa zaidi, ili nauli isipotee kwa kusafirisha hewa. Wanunuzi walikuwa Watatari, Wakazaki, watu wa Bukhara na Khiva, hata Uajemi. Mbao na bati vikafunga safari ya kwenda kulikotoka jina. Katika hema la Kikirgizi sandık linawekwa upande wa heshima, ukutani mkabala na mlango, na juu yake wanapanga magodoro na mablanketi yaliyokunjwa hadi karibu na paa. Urefu wa rundo hilo unamwambia mgeni hali ya nyumba kabla hajapewa chai.

La Äbi alisema ni la mama yake, lilikuja naye siku ya harusi. Aliwahi kunifungulia mara moja, nadhani kwa sababu nilikuwa nimemchosha kwa maswali. Alipiga magoti taratibu, akazungusha ufunguo, kengele ikagonga, kisha ikagonga tena. Juu kulikuwa na taulo nyeupe za kufumwa zenye ncha nyekundu. Kofia ya mahameli, kalfak, imetariziwa kwa lulu ndogo ambazo nyingine zimedondoka. Msahafu uliochapwa Kazan, mji ulioanza kuchapa misahafu mwaka 1803. Picha za wanaume waliovaa sare. Harufu ya naftalini ikanipanda puani.

Chini kabisa kulikuwa na kitambaa cheupe kilichokunjwa, na juu yake vipande vya sabuni na vitaulo vidogo vilivyofungwa pamoja kwa utepe. Nikauliza. "Kafen," akasema, kwa sauti ile ile aliyosemea taulo. Sikuhitaji tafsiri, kafani ni kafani. Sabın na vitaulo ni zawadi kwa watakaomwosha. Alikilaza kitambaa kwa kiganja, akahakikisha hakina mikunjo, kama mama anayeandaa sare ya mtoto usiku wa kuamkia shule kufunguliwa. Kisha akasema kwa Kirusi kuwa sabuni ameibadilisha mara mbili, kwa kuwa ile ya kwanza ilikauka ikimsubiri.

Bibi jirani, Mrusi na Mkristo, naye alikuwa na furushi lake kama hilo kwenye sunduk lake, walikuwa wakishauriana. Warusi wana ngano ya Koshchey asiyekufa, ambaye mauti yake yamo kwenye ncha ya sindano, sindano imo ndani ya yai, yai ndani ya bata, bata ndani ya sungura, na sungura kafungiwa ndani ya sunduk. Nikimkumbuka Äbi na furushi lile, ngano hiyo sioni ajabu yake.

Kiangazi cha 2014 rafiki yangu Mserbia, tuliyekuwa naye darasa moja, alinikaribisha kwao upande wa kusini, karibu na mpaka wa Bulgaria. Kiserbia nilikichukulia kama Kirusi kilichoachwa juani. Unabahatisha nusu, unapatia nusu. Siku moja kabla ya safari akanipa simu nimsalimie mama yake. Nilitaka kumwambia nakuja na sanduku moja tu, asihangaike na nafasi. Nikachanganya vihusishi, nikasema: "Doći ću u sanduku."

Simu ikanyamaza. Kisha nikasikia mama anamwita Mungu.

Kwanza, u ni "ndani ya", si "pamoja na". Pili, sanduk kwa Waserbia ni kasha lolote, la matunda, la risasi, lakini ukimtaja mtu na kusema yumo ndani yake, maana ni jeneza. Kijana aliyerudi u sanduku ni yule waliyemzika, na nchi ile ina kina mama wengi waliopokea wana wao hivyo miaka ya tisini. Nilikuwa nimempigia mwanamke nisiyemjua kumwambia kwamba nitafika nikiwa maiti. Na hata sisi tunasema sanduku la maiti; ningepaswa kuwaza. Lililonikera zaidi ni kwamba, kwa upande wa sarufi, sentensi yangu ilikuwa safi kabisa. Neno sanduk likikaa baada ya u ya mahali linapata mwisho wa u, linakuwa sanduku, herufi kwa herufi sawa na letu. Katika miaka yangu yote ya kuhangaika na lugha za Kislavi ndiyo sentensi pekee niliyoitamka bila lafudhi.

Alinisamehe. Mlangoni mwake palikuwa na kisanduku cha barua, na nilipouliza kinaitwaje nikaambiwa: poštansko sanduče. Sanduku la posta! Nilitaka kumkumbatia mtu. Waturuki wenyewe, waliowapa neno, kwa posta wanasema kutu. Warusi wanasema yashchik. Waserbia na sisi tumebaki na sanduku.

Kutoka pale hadi Pirot si mbali, nikaomba tupite. Watu huenda Pirot kwa ajili ya mazulia yake. Mimi nilikwenda kwa ajili ya mkopo. Mwaka 1863, mji huo ukiwa bado chini ya Waothmani, gavana wa Niš, Midhat Pasha, alianzisha hapo Memleket Sandığı, sanduku la nchi: mfuko wa kuwakopesha wakulima ili wasiishie mikononi mwa walanguzi wa riba. Mtaji ulitokana na wakulima kulima pamoja mashamba ya umma na mavuno kuuzwa. Mpango ukaenea sehemu nyingine za dola, na mwaka 1888 Ziraat Bankası, benki ya kilimo ya Uturuki, ikaundwa juu ya misingi yake. Sandık kwa Kituruki ni fedha pia. Mfuko wa pensheni wa watumishi wa serikali uliitwa Emekli Sandığı, sanduku la wastaafu, hadi ulipounganishwa na bima nyingine mwaka 2006. Waarabu nao huliita Shirika la Fedha la Kimataifa sunduq. Sisi kwenye fedha tukachagua mfuko, na kwenye kura tukabaki na sanduku.

Kura ndiyo iliyonifundisha mara ya tatu. Tarehe 1 Novemba 2015 nilikuwa narudi Kazan kutoka harusi ya dada yangu, na nikakaa saa kadhaa Istanbul nikisubiri ndege ya pili. Nimechoka, sijala. Runinga zote za ukumbini zilikuwa zinaonyesha ramani na maandishi makubwa: AÇILAN SANDIK, na asilimia inayopanda kila dakika. Kitatari cha Äbi kikaniambia upesi: açılan, kilichofunguliwa. Masanduku yaliyofunguliwa! Moyo ukaenda mbio. Wanapekua mizigo yetu, nikawaza, tena wameshafika zaidi ya nusu, na kwenye yangu mna mitungi mitatu ya achari aliyoifunga shangazi. Nikamkimbilia kijana wa kaunta. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akaangalia runinga, akaniangalia mimi, akasema kwa Kiingereza cha taratibu kwamba ni uchaguzi wa bunge, bwana, wanahesabu kura.

Nikakaa chini. Kwenye duka la karibu walikuwa wanauza njugu zile za mviringo zinazolimwa pwani ya Bahari Nyeusi, Ordu, Giresun na Trabzon. Kiingereza ni hazelnut, Kituruki zinaitwa fındık, na Kirusi kimelichukua neno hilo kikaliita funduk. Äbi alikuwa ameniomba nimletee, nikanunua kilo moja. Nikiwa na saa mbili za kungoja, nikaanza kulifuata na hili. Wagiriki wa kale waliiita njugu ya Ponto, pontikon, kwa kuwa Ponto ndiyo pwani hiyo. Waarabu hawana p, ikawa bunduq. Bunduq ikawa pia jina la vigololi vya kurushwa, kwa sababu vilikuwa vya mviringo kama njugu. Kisha kikaja chombo cha kurusha vigololi kwa baruti, na jina likakipanda. Nanyi mmeshafika mbele yangu: bunduki. Ile tunayoiogopa sisi ndiyo Mrusi anayoitia kwenye chokoleti.

Äbi alipokea mfuko, akazionja mbili kwa jino lake zima, akasema za mwaka huu ni nzuri. Wajukuu walikuwa wanakuja Jumamosi. Akapiga magoti mbele ya kasha, akazisukuma njugu chini ya taulo, karibu na sabuni.

"Funduk v sunduke," akasema, akafurahishwa na vina vyake mwenyewe. Bunduki sandukuni. Akazungusha ufunguo, na kengele ikagonga mara mbili.